Ahsanteni watu wa ghalani, wa zamani na wa sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe shukrani ambazo sikupata wasaa wa kuzitoa siku niliyoagwa kazini.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la korosho hapa Mtwara mjini, na Juni hii nimestaafu. Walinifanyia sherehe nzuri tu. Nilipewa jiko la gesi, doti mbili za kanga na cheti chenye fremu. Jiko linafanya kazi, Mungu awabariki. Kisha nikaitwa niseme neno. Mshereheshaji alikwisha kuninong'oneza nizingatie itifaki, nami nikaizingatia: mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, meneja, wawakilishi wa ushirika, viongozi wa dini, wazee wa mtaa. Nilipomaliza kuizingatia muda wangu ukawa umekwisha, muziki ukafunguliwa, kipaza sauti kikachukuliwa. Watu niliokusudia kuwashukuru walikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. Wengine hata hawakuwepo, maana kadi za mwaliko zilikwenda kwa walioajiriwa, na kuli msimu ukiisha hahesabiki kwamba ni mfanyakazi.

Majina sitataja. Wengine sijawaomba ruhusa, wengine wametangulia mbele ya haki na familia zao ziko hapa hapa mjini. Nitawataja kwa kazi zao. Wenyewe watajijua, na majirani watajua zaidi.

Niliingia ghalani kabla mto Rufiji haujajengewa daraja. Vijana wa leo wanapanda basi alfajiri, jioni wanakula chipsi Mbagala, hawaijui habari ya kivuko cha Ndundu. Masika ikikaza, barabara ya Dar es Salaam ilikuwa hadithi. Kifaa cha mizani kikiharibika tuliagiza kipuri, tukasubiri, tukasahau kama tuliagiza. Kwa hiyo mizani yetu ilitunzwa na mzee mmoja ambaye hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, meneja akiwemo. Huyo ndiye mtu wa kwanza ninayemshukuru.

Wakati ule wanunuzi binafsi walikuwa wanazunguka vijijini na fedha mkononi, na nyuma yao watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kipimo cha kopo badala ya mizani. Mkulima alikwishazoea kupunjwa, akifika kwenye mizani yoyote anakuja amenuna. Mzee wa mizani alimpokea hivi: kwanza anamwita asogee, anamwonyesha mizani ikiwa tupu, imesimama kwenye sifuri. Halafu anaweka jiwe la mizani la kilo zinazojulikana, mkulima anaona mshale unakwenda wapi. Ndipo linapanda gunia. Akisoma uzito anausema kwa sauti, anamgeukia mkulima: "Nimesema ngapi?" Mkulima anarudia. "Sema tena, karani hajasikia." Nilikuwa nimesikia vizuri sana, nimekaa hatua tatu kutoka pale. Mkulima anarudia mara ya pili, ndipo mzee ananiambia, "Haya mwanangu, andika." Bibi asiyejua kusoma alitoka pale anaujua uzito wa gunia lake kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama karatasi ingepotea njiani kuelekea Nanguruwe.

Mambo hayo yalituchelewesha na madereva walilalamika. Kuna mnunuzi mmoja alitaka mzee aondolewe kwa sababu ya huo "uchelewaji". Hakuondolewa. Meneja wa wakati ule alisimama naye, na hapo lazima nimshukuru meneja, ingawa leo si siku ya mameneja.

Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, na kwa upande wa korosho mkoa wetu ndio uliotangulia kuingia. Sheria yenyewe ilikuwa ya mwaka 2005. Wasomaji wa huku wanaujua, wa mikoa mingine niwaeleze kwa kifupi: mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, chama kinazisafirisha mpaka ghala kuu, zinapimwa na kupangwa daraja, stakabadhi inatolewa, ndipo zinakwenda mnadani. Karatasi ziliongezeka mpaka tukakosa kabati. Magomvi nayo yaliongezeka, kwa kuwa sasa uzito wa chama cha msingi na uzito wa ghala kuu unaandikwa sehemu mbili na watu wawili, na korosho ni kitu kinachonyauka. Gunia la kilo 80 likikaa, maji yanapungua, uzito unapungua. Huo unyaufu sijui umegombanisha watu wangapi Kusini hii. Kila upande unadhani mwenzake ameiba, kumbe wakati mwingine ni jua tu.

Hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa mzee wetu mwingine, mwenye bambo. Mhariri, kama hujaliona, bambo ni chuma chenye ncha na mfereji katikati, unakichoma kwenye gunia, korosho zinateremka mkononi bila kulifungua. Kuchoma bambo kila mtu anaweza. Yeye alilichoma kwa mshazari, juu, katikati na chini, kwa sababu mjanja haweki uchafu juu unapoonekana, anauficha kiini. Akilichomoa, anaikwangua ile nyuzi ya juti kwa ncha, kulia na kushoto, tundu linajifunga. Ukilitazama gunia hujui lilipochomwa. Nimeona vijana wanachoma gunia mpaka linavuja kama chujio, kisha wanauliza unyaufu umetoka wapi.

Sampuli aliimwaga kwenye sinia. Kabla ya kukata chochote alichota konzi moja akaitikisa karibu na sikio. Kipima unyevu kilipoletwa, kilikabidhiwa kwa binti aliyetoka chuoni, na sote tulikaa tunangoja ugomvi. Haukutokea. Walikubaliana wenyewe kwamba mzee asikilize kwanza, aseme imekauka au bado, kisha binti apime; wakitofautiana, gunia linafunguliwa lote. Mara nyingi walikwenda sawa. Mara nyingine kifaa kilimshinda mzee, anacheka mwenyewe, anasema sikio limeota nywele. Kiwango ni unyevu usiozidi asilimia 10, na asilimia haisikiki sikioni, hilo alilikubali mapema kuliko wengi wetu.

Baada ya hapo anakata. Korosho moja moja, nusu inalala huku, nusu huku, na mkulima akiwepo anaitwa aone. "Hii nzima. Hii changa, uliichuma kabla haijaanguka yenyewe. Hii ina madoa, mbu wa mikorosho amekutembelea. Ulipulizia?" Mkulima anajieleza. Mzee anamwuliza salfa alipuliza lini, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, aliuona mwezi gani, mwishowe anamwelekeza aende Naliendele akaonane na wataalamu wa utafiti. Kazi ya ugani hakuajiriwa nayo wala hakulipwa. Anampa mtu daraja la pili, na mtu anamshukuru! Nimekaa na makarani wengi wa sehemu nyingine wakiniuliza kwa nini ghala letu halina ngumi. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda na sinia mapajani. Mungu amrehemu.

Msimu wa 2017/18, bei zilipopanda kupita shilingi 4,000 kwa kilo, na tamaa ikapanda nazo. Habari za kokoto ndani ya magunia ya korosho za Tanzania zikafika mpaka kwa wanunuzi wa nje. Sisemi kwamba kwetu hazikupita kabisa. Mlango wa ghala ni mpana. Nasema tu kwamba mzee wa bambo msimu ule alikuwa anakwenda nyumbani mkono umevimba.

Sasa nije kwa mama wa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na hapa Mhariri usinikate.

Korosho haikai kwenye kiroba cha plastiki. Inatoa jasho, inaota ukungu. Mkulima anaweza kuikusanya kwenye salfeti, ndoo hata beseni, lakini ghalani inaingia kwenye gunia la juti lenye kupumua, linalazwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Ndiyo maana kila msimu ukifunguliwa kelele ya kwanza ni magunia hayatoshi. Na gunia la juti lina mdomo, na mdomo lazima ushonwe. Huyu mama alikaa mlangoni juu ya kreti ya soda, mguu mmoja kaunyoosha. Lori likifunguliwa, kila gunia lilipita mbele yake akague mshono. Lililolegea analiita: "Njomba, lete huyo mgonjwa." Anakunja mdomo wa gunia mara mbili, anaanza na pembe ya kushoto, anaifinya, anaizungushia uzi mara mbili, anakaza: sikio la kwanza. Kisha mishono inakwenda, kati ya mmoja na mwingine vidole viwili, mpaka pembe ya kulia: sikio la pili. Fundo, wembe, basi. Yale masikio ndiyo kuli anayoyashika. Kulabu hatuziruhusu kwa sababu zinatoboa, kwa hiyo gunia lisilo na masikio kuli hana pa kulikamata, analikumbatia kama mlevi, na mgongo wake ndio unaolipa. Shazia ilimpitia mama yule kwenye kiganja mara nyingi, na mikono yake ilikuwa na nukta nukta ambazo hazikufutika.

Alilipwa kwa gunia aliloshona, si kwa aliyoyakagua. Hata hivyo aliyahesabu yote. Kila magunia kumi yakipita anatia korosho moja kwenye pindo la kanga. Siku moja lori la chama kimoja lilishusha, tali yangu, yaani hesabu ninayoandika gunia likishuka, ikasoma magunia 339, hati ya dereva 340. Dereva akaja juu, ananitaka nisaini 340, ana safari, ana haraka, eti karani mwanamke hajui hesabu. Meneja hayupo. Mama wa shazia hakusema neno. Alifungua pindo akazimwaga chini, akazipanga: korosho 33. "Na tisa hazijatimia kumi," akasema, "ndio hayo ya mwisho uliyoyaona." Dereva akapiga simu kwenye chama. Gunia la 340 lilikuwa limesimama kule kule nyuma ya mizani yao, halijapakiwa. Angelisaini karani mwingine aliyechoka, mkulima wa gunia lile angeambiwa limeibiwa ghalani, na karani angekatwa mshahara.

Dada yangu, nakushukuru. Najua gazeti utasomewa na mjukuu. Mwambie asiruke hapa.

Mwaka uliofuata ule msimu wa kokoto ndio ule wa misukosuko. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wanajeshi wakaja na malori. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu msimu ule, ya uhakiki na ya malipo, sina haja ya kuyarudia. Mimi nawakumbuka askari kama wafanyakazi wenzangu, maana kwa miezi ile walikuwa hivyo. Siku ya kwanza kijana mmoja mwenye kifua kipana alibeba gunia kwa mikono mbele ya tumbo, akafika hatua kumi akahema. Kuli wetu, mwembamba nusu yake, akamwambia, "Njomba, wewe unampa gunia mapenzi. Mtupie shingoni, tembea." Wakacheka, wakafundishana. Baada ya wiki mbili ukitazama mgongoni hujui nani wa jeshi nani wa mtaani kwetu Chikongola.

Korosho zile zilikaa sana ghalani. Kitu kikikaa kinataka kuangaliwa: mirundo ipinduliwe, ya chini yaje juu, hewa ipite, panya wachungwe. Kazi hiyo haina mshindo, hakuna lori, hakuna mnada, na vibarua walikuwa wachache. Mama wa chai aliwakopesha chai na ming'oko, mizizi ya porini tunayokula huku, kwa daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Yeye naye alikuwa anadaiwa unga dukani. Nilimwuliza mara moja atafanyaje, akasema wakulima wote tunadaiana, atakayelipwa kwanza ataanza kulipa.

Ndipo Aprili 2019 ikatangazwa habari ya Kimbunga Kenneth. Mnakumbuka: shule zilifungwa, watu wa mabondeni na pwani wakaambiwa watafute mahali salama. Ghala lilifungwa tukaambiwa kila mtu aende kwa familia yake. Nilichukua wajukuu nikaenda kwa dada Naliendele, redio sikioni. Kimbunga kikashukia Msumbiji, Cabo Delgado, maskini wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, wengi wao ni ndugu zetu wa damu. Kwetu kikapita upepo na mvua.

Niliporudi ghalani nilikuta upande wa kusini, ambao bati lake tulikuwa tunalilalamikia siku zote, mirundo imefunikwa maturubai na kufungwa kamba, na mifuko ya mchanga imepangwa mlangoni. Nikamwuliza mlinzi nani aliyetoa amri. Akaniambia hakuna. Makuli wanne walikuja jioni baada ya sisi kuondoka, pamoja na binti wa kipima unyevu, wakaingia kwa ruhusa yake, wakafanya, wakaondoka kabla ya giza. Niliwagombeza kweli kweli. Mmoja ana mke mjamzito, anaacha nyumba kwenda kufunika korosho za serikali! Alinijibu, "Dada karani, za serikali mwaka huu tu. Mwakani ni za nani?" Sikuwa na jibu. Hakuna ripoti iliyoandika kazi ile, na posho haikutoka. Nimeiandika mimi leo.

Waliopo sasa nisiwasahau kwa kuwasifu wa kale. Binti wa kipima unyevu ndiye aliyenifundisha kompyuta, jioni, akiwa na mtoto mgongoni, bila kunicheka hata nilipokuwa natafuta herufi moja dakika nzima. Leo mnada unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa na bei zinasomeka kwenye simu, mimi ningekuwa nimestaafu zamani bila yeye. Makuli wa sasa wana kikundi chao cha kuweka na kukopa, mtu akifiwa wanafika kabla ya ndugu. Mlinzi wa usiku ni yule yule. Mshona magunia wa sasa ni kijana wa kiume, na masikio yake yamekaza. Alikaa chini, kando ya kreti ile ile, akafundishwa.

Neno moja kwa wakubwa, kisha nimalize. Vumbi la juti na korosho linaingia kifuani. Barakoa za kutosha na bima ya afya kwa vibarua wa msimu si jambo la kusubiri mfadhili. Hela ya gunia haitoshi kununua bima, hiyo hesabu nimeiandika kwa mkono wangu kila wiki, naijua.

Na wewe Mhariri, mwandishi wako akija Oktoba kuripoti mnada, asiishie ukumbini kunukuu bei ya juu na bei ya chini. Aje ghalani saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa bado yamejipanga nje. Aulize kwa mama wa chai, pale chini ya mwembe mkabala na geti. Yeye atamwonyesha nani ni nani, na kama hana haraka atamwandikia ming'oko kwenye daftari.

Wako,
Karani Mstaafu wa Ghala,
Chikongola, Mtwara